Ngome ya Yezu kule Mombasa

Tangu tuliporudi Likasi wengi wanatuuliza: «Padri, kule Mombasa mulienda kutazama nini?» Tulienda kutazama ngome yenye jina la Bwana wetu.

Mombasa ni kisiwa. Waportugali walianza kujenga ngome yao pale mwaka 1593, na aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, mutu wa Milano. Ukiitazama toka juu, sura yake ni kama mutu aliyelala chali, kichwa upande wa bahari. Handaki lake lilikatwa katika mwamba wa matumbawe. Sisi watu wa Likasi, tuliokomaa karibu na mashimo ya shaba, tunajua bei ya kazi ya namna ile. Majina ya waliochimba hayakuandikwa mulangoni.

Lakini jambo lililotukamata moyo ni habari ya Yusufu bin Hasani. Baba yake, mufalme wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Waportugali. Mutoto akapelekwa Goa, kule Uhindi, akalelewa na mapadri wa Mutakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jeronimo. Alirudi kuwa mufalme. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapitani Pedro Leitão de Gamboa, akauacha ukristu. Wakristu walilazimishwa kuchagua: kukana ao kufa. Yapata 150, Waportugali na Waafrika pamoja, walikubali kufa, hata mapadri. Mwaka 1632 ushuhuda juu yao ulikusanywa Goa.

Wengine wanamwita Yuda, kisha wanafunga kitabu. Sisi hatuwezi kufanya upesi hivyo. Damu ya wamartiri wale hatuipunguzi hata kidogo. Walakini kijana huyu alijua katekismu yake vizuri, halafu akawekwa atawale chini ya watu wa wale waliomuua baba yake. Nani alimufundisha kubeba muzigo ule? Tunauliza kwa kuwa sisi nasi tunalea vijana mbali na kwao, na mara nyingi tunapima masomo tu.

Ngome ilianguka mikononi mwa Waarabu wa Omani mwaka 1698, kisha kuzingirwa karibu miaka mitatu. Wakati wa Waingereza ikawa gereza. Tangu 1960 ni nyumba ya kutunza vitu vya zamani. Ndani yake misingi ya kanisa ingali inaonekana. Tulisimama pale, tukasali Baba Yetu kwa sauti ndogo, mpaka mulinzi akaja kutuambia kwamba saa ya kufunga imefika.