Tukigawana sanduku, tutatolewa kwenye liste ya msaada?

Swali hili limetufikia kutoka Bulengera hapa Butembo, na pia kutoka Mulekera, Beni. Mwisho wa mzunguko wa AVEC umekaribia. Kila mmoja anahesabu hisa zake, lakini wengine wana hofu: wale wanaoandika majina ya msaada wakisikia nimepokea pesa, si watanifuta?

Hofu hiyo ina sababu. Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye watoto sita, alikimbia Lubero mwaka 2024. Aliulizwa amepata pesa gani mwezi ule. Akajibu: «Franga 345 000.» Jina lake halikurudi kwenye liste. Hakudanganya, ila hakueleza vizuri.

Tuhesabu pamoja. Alinunua hisa tatu kila juma, kila hisa franga 2 000. Ni 6 000 kwa juma, na kwa majuma 50 ni 300 000. Hiyo ni pesa yake mwenyewe, aliyoitoa kwenye mboga na mafuta ya kuuza. Faida ni 45 000 tu. Ukiigawa kwa miezi kumi na miwili, ni 3 750 kwa mwezi. Je, hiyo inalisha watoto sita?

Basi ukiulizwa, usifiche, kwa sababu uongo ukijulikana unaharibu kikundi kizima. Onyesha karne yako na useme: «Hii ni akiba yangu iliyorudi, na hii ndiyo faida.» Kila shirika lina masharti yake, kwa hiyo uliza mapema wanahesabu nini: mapato, akiba, idadi ya watoto, au hali ya chakula nyumbani. Ukitolewa, peleka lalamiko kwenye kamati ya malalamiko kabla liste haijafungwa. Na kumbuka, msaada ni bure. Anayekuomba pesa au mwili ili akuandike anafanya kosa, mshitaki.

Kuna pesa nyingine ya kutofautisha. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inahusu wahanga wa ukatili wa kingono wa wakati wa vita. Mfuko wa FONAREV hupewa asilimia 11 ya redevance ya madini ili kuwafidia wahanga. Fidia si mshahara, wala si sadaka. Ni haki ya mtu aliyeumizwa. Aliyeipata halazimiki kueleza mbele ya watu kwa nini ameipata. Aombe kusemea kando.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Alaska, Marekani, tangu mwaka 1982 serikali ya jimbo inagawia wakaaji, hata watoto, pesa inayotokana na mafuta ya petroli. Mwaka 2024 kila mtu alipata dola 1 702. Lakini kwa maskini, pesa hiyo ya mara moja inaweza kuhesabiwa kuwa mapato na kumkatia msaada wa chakula. Kwa hiyo jimbo lilitenga fungu la kuziba pengo hilo kwa muda, ili baraka ya siku moja isigeuke njaa ya miezi.

Sisi hatuna petroli ya kugawana, lakini tuna kasi ya mshikamano. Katika kikundi chetu tumekubaliana kwamba mama akifutwa kwa sababu ya kugawana, kasi itamsaidia kwa unga na maharagwe wakati lalamiko lake linaendelea. Yule mama wa Lubero ndiye wa kwanza. Wawili wetu wamemsindikiza kwenye kamati, karne mkononi, na sasa anangoja jibu.

Kabla ya kufungua sanduku, zungumzeni jambo hili katika kikundi chenu. Kila mama ajue kusoma karne yake, na asiyejua kusoma asaidiwe na jirani.