Babai wa Kazan na Dakika Zake Tatu

Mji wa Kazan uko kando ya mto Volga, mashariki ya Moscow. Watatari, wenyeji wa huko, si wageni katika dini: wazee wao waliingia Uislamu mwaka 922, na kufikia 1803 misahafu ilikuwa ikipigwa chapa mjini humo. Mimi nilifika huko kijana wa Mombasa niliyefuata elimu, na mwaka wangu wa kwanza wote uliishia katika kujifunza Kirusi. Huu ninaotaka kumsimulia msomaji ni mwaka wa pili, 1994, niliogeuka mwalimu bila ya cheti.

Ijumaa tulisali Msikiti wa Marjani, uliojengwa baina ya 1766 na 1770 kwa idhini ya Malkia Catherine wa Pili. Siku moja, baada ya sala, mzee mmoja alinishika mkono, akanisalimu, kisha akaniuliza kwa Kirusi: "Mwanangu, kwenu mnasema Kiingereza?" Nikamjibu kwamba kwetu twasema Kiswahili, lakini Kiingereza nilikisoma skuli. Akasema, "Basi nifunze. Nina mjukuu Chicago."

Mwanawe alikuwa amehamia Marekani, na mtoto, aliyetimiza miaka sita, hakutaka tena kujibu neno la Kirusi. Simu ya ng'ambo mzee huyo aliipiga kutoka ofisi ya simu: unaagiza, unalipia dakika zako, unangoja kuitwa kibandani. Pensheni yake ilimpa dakika tatu kwa mwezi, na mara mbili zilizotangulia dakika hizo zilikuwa za kusikilizana pumzi tu.

Nikawa namwita Babai, ndivyo Watatari wamwitavyo babu, na msomaji ataona neno lenyewe halikunipa taabu kulizoea. Alikuwa na miaka 70. Herufi za Kilatini hazikumtisha, kwa sababu utotoni mwake Kitatari kiliandikwa kwa herufi hizo, mpaka 1939 zilipobadilishwa zikaletwa za Kirusi. Mamake ndiye aliyekuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu. Nyumba moja, hati tatu! Lakini maisha ya kazi yalikuwa yamemfanya afikiri kwa Kirusi, na humo ndimo makosa yake yote yalimotoka.

Kirusi hakina ile sauti ya "th". Babai akisema "zis" na "sank you". Nikamwambia atoe ncha ya ulimi kidogo baina ya meno, kama maalim wetu alivyotufunza chuoni kuitoa thei na dhali katika makhraji yake. Akanitazama. Yeye hakupata chuo. Vyuo vilifungwa angali mtoto, na sura chache alizozijua alizipokea kwa mamake, kwa sauti ya chini, milango imefungwa. Dhali zake zote zilikuwa zei. Akajaribu, akarudia, mate yakamtoka, tukacheka. Ijumaa iliyofuata nilisimama karibu naye, nikamsikia akisoma Alhamdu kwa mnong'ono, na alipofika penye dhali akasita kidogo, akatoa ulimi. Nilikwenda Kazan kusomea mitambo. Sikujua kwamba Kiingereza kingenipeleka mahali kama hapo.

Sauti nyingine zilikuwa nyepesi. "Hello" aliitamka kwa khei, kama mtu anayesema kheri, na "window" akaianza kwa "v". Kilichotushinda sote wawili ni vile vijineno "a" na "the". Kirusi hakinavyo, Kiswahili hakinavyo. Mimi mwenyewe nilivisoma kwa viboko, si kwa kufahamu. Babai alikuwa na paka, basi tukamfanya paka ndiye somo: paka ukimtaja mara ya kwanza ni "a cat", akishajulikana ni "the cat". "Lakini paka wangu anajulikana mtaa mzima," akasema. Ukweli ni kwamba sikuwa na jawabu.

Tena Kirusi hakihitaji neno la "ni" kwa jambo la sasa. Mrusi husema "Mimi nyumbani", basi. Kwa hiyo Babai akasema "I home", "I old man". Na kila kitu kwao ni mume au mke au si huyu si huyu: meza ni mume, kitabu mke, dirisha halina upande. Meza yake akiita "he". Kitatari hakina mambo hayo, kama Kiswahili, lakini alikuwa keshakiacha nyuma. Sikuthubutu kumcheka, kwani mimi nikiwa skuli nilisimama mbele ya darasa zima nikamwita mamangu "he".

Palipokuwa na raha ni kwenye maneno. Mkono kwa Kirusi ni mmoja kutoka begani hadi vidoleni, kama wetu; mguu vivyo hivyo; na kidole ni kidole, kiwe cha mkono au cha mguu. Mwingereza amevikata vyote vipande viwili na kila kipande akakipa jina lake. Na siku aliyosema amenunua mkate kwenye "magazine" nilicheka hata nikaona haya. Duka kwa Kirusi ni "magazin". Asili yake ni maghala ya Waarabu, makhazin, ndugu wa hazina yetu. Waingereza wakalichukua neno hilo hilo mpaka likawa jarida. Baada ya hapo tukawa tunawinda: sanduku kwao ni "sunduk", almasi "almaz", chai ni chai.

Siku ya simu alikuja na sentensi kumi na mbili katika karatasi. Nilibaki nje ya kibanda, ubao wake mwembamba, nikisikia upande mmoja tu. Alisalimu vizuri. Kisha kimya. Kisha akasema, "To me seventy years." Nikafumba macho. Ndivyo Mrusi anavyotaja umri wake, miaka ni "kwangu", kwetu tunayo, Mwingereza yeye ndiye hiyo miaka. Mtoto alikuwa ameuliza jambo lisilokuwamo katika karatasi.

Nikasikia, "Cat is black." Kimya tena. Halafu, polepole, "The cat." Na mara nyingine, ulimi baina ya meno, "The cat is black."

Alitoka karatasi ingali imekunjwa mfukoni. "Amenisahihisha," akaniambia. Akaenda dirishani kuuliza bei ya dakika tano.