Nafasi sita, na kituo cha treni cha Bukama

Swali lilinifikia kwa simu kutoka Bukama, mji wa Haut-Lomami nchini Kongo. Finalisti mmoja anayesubiri matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ananiuliza: “Yaya, nikipata asilimia sabini, shule ya sinema ya Paris watanikubali?”

Nianze na hesabu, kisha niivunje. La Fémis, shule ya taifa ya sinema ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1986, huchukua wanafunzi wapatao sita tu kwa mwaka katika idara ya uongozaji, na wanaogombea ni mamia. Lakini mdogo wangu huyu amekwama hata kabla ya kufika kwenye foleni, kwani mtihani mkuu wa kuingia pale unadai miaka miwili ya chuo baada ya sekondari. Mwaka huu nafasi yake ni sifuri, awe na asilimia 50 au 90. INSAS ya Brussels, iliyofunguliwa mwaka 1962, humpokea anayetoka sekondari, akishinda mtihani wake. Hapo ndipo alipopita Djo Munga wa Kinshasa, mtengenezaji wa Viva Riva! ya mwaka 2010.

Asilimia za Exetat hufungua geti, basi. Ndani ya geti, shule hizi hutaka kujua mtu anaangaliaje. La Fémis humpa mgombea mada chache achague moja, aende akaichunguze kwa miguu yake, arudi na faili la maandishi na picha. Faili huweza kuanguka kwa sababu linafanana na mengine: vita, migodi, watoto wa mitaani, yote yamesimuliwa kwa sauti ya redio. Msomaji akifika la kumi, amekwisha kusahau la kwanza.

Na hapa mtoto wa Bukama ana mali ambayo mwenzake wa Paris hana. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, ikasimama hapo miaka kumi, hadi njia ya Ilebo ilipokamilika mwaka 1928. Katika miaka hiyo aliyeshuka kwenye treni alipanda meli ya Lualaba hadi Kabalo, akashika reli nyingine hadi Kalemie, akavuka ziwa, na hatimaye angeweza kufika Dar es Salaam. Mji mzima ulijengwa juu ya kubadilisha chombo na kungoja. Leo treni ikichelewa siku mbili, nani analala kituoni? Mama mwenye vikapu vya samaki wakavu anafanya nini wasiharibike, na anamkopa nani? Kaa naye siku nzima, andika asemavyo, hata akisema kwa Kiluba, piga picha za mikono yake. Faili hilo halitafanana na jingine.

Kwenye mahojiano wataulizia filamu. Anayetaja filamu kubwa ambazo hajazitazama huumbuka kwenye swali la pili. Heri useme juu ya filamu ya Bruce Lee uliyoitazama mara ishirini kwenye simu, ueleze kamera ilikuwa wapi na kwa nini haikusogea.

Sasa karatasi, ambazo huweza kumwangusha hata mwenye kipaji. Ubelgiji itataka diploma yako itambuliwe kuwa sawa na ya kwao, na maombi hayo yana tarehe ya mwisho, kwa kawaida 15 Julai. Diploma yenyewe huchelewa kutoka Kinshasa, na wengi hubaki na karatasi ya muda. Kisha viza, na mtu wa kukudhamini kwa fedha. Anza mwaka mzima kabla. Mzazi asiyeambiwa gharama hizi mapema atazijua siku ambayo hakuna la kufanya.

Kuna njia ya karibu zaidi. Picha, kituo cha sanaa cha Lubumbashi kilichoanza mwaka 2008, kiko kwenye reli ileile. Yole!Africa ya Goma, iliyoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo, imefundisha vijana wengi kushika kamera, ingawa kutoka Haut-Lomami Goma haifikiki kirahisi tangu waasi wa M23 wauteke mji huo Januari 2025. Kwa njia kama hiyo alipita Dieudo Hamadi wa Kisangani: alikuwa mwanafunzi wa tiba, akajifunza sinema kwenye warsha. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, filamu juu ya mafinalisti wa mji wake waliofukuzwa shuleni kwa kukosa pesa za walimu, wakajikusanya katika nyumba moja kujiandalia mtihani wenyewe. Mwaka 2020 filamu yake nyingine, En route pour le milliard, ilichaguliwa Cannes. Alichokipiga picha katika Examen d'État ni kile kinachomnyima usingizi huyu aliyenipigia simu.

Nilimweleza yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama simu yenye kioo kilichopasuka inafaa. Inafaa, nikamwambia, mradi kamera ya nyuma ni nzima.