Fahamu: Chui wa Tingatinga ni wa nani?

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, bara ya pwani yetu hii ya Mikindani, alipoanza mnamo 1968 kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vya dari, akiwauzia wapita njia wa Oysterbay, Dar es Salaam, huenda hakudhani kwamba jina lake lingekuwa jina la fani nzima. Aliuawa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Jamaa na wanafunzi wake wakaendelea, na hata leo chui wake yule yule, macho yamemtoka na mkia umempinda, hunakiliwa na kuuzwa (nami nakiri ninaye mmoja ukutani). Je, ni wizi? Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 hulinda picha yenyewe, wala si mtindo wake. Na kufuata mtindo wa mwingine si jambo geni: fundi wa milango ya nakshi ya Mikindani, naye, alianza kwa kuufuata mkono wa ustadhi wake.