Kamina na Kongo ya Magazeti ya Marekani

Mjadala wa Wamarekani kuhusu namna watu weusi wanavyoonyeshwa magazetini, katika filamu na kwenye televisheni una mizizi mingi nje ya nchi yao, na mmoja wa mizizi hiyo umezama ndani kabisa ya ardhi ya Kongo. Kwa zaidi ya karne moja jina la Kongo limetumika huko si kwa kuitaja nchi yenye mito, miji na watu wenye majina yao, bali kama kipimo cha kumpimia mtu mweusi popote alipo, hata yule ambaye mababu zake waliishi Virginia au Georgia kwa vizazi vingi na ambaye mwenyewe hajawahi kuikanyaga Afrika. Kamina, mji wa reli ulio makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, umo ndani ya historia hiyo. Kwamba ndege zilizowapeleka askari kuokoa mateka Novemba 1964 ziliruka kutoka katika kambi yake ya kijeshi, iitwayo Baka, ni jambo linalojulikana; lakini yale yaliyoandikwa Marekani baada ya ndege hizo kufika Stanleyville, yaani Kisangani ya sasa, na namna Wamarekani weusi walivyoyapinga, hayajasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili.

Dhana mgando ni ile picha ya kundi zima la watu ambayo imekwisha kuganda akilini mwa mtu kabla hajakutana na hata mmoja wao, kiasi kwamba kila analolisikia baadaye hulisukuma liingie ndani ya picha hiyo, na lile lisiloingia hulitupa. Dhana ya namna hii haihitaji uongo mtupu ili iishi. Hunawiri zaidi kwa ukweli uliochaguliwa, yaani kwa kukitaja kifo kimoja na kukinyamazia kingine, kwa kumpa mmoja jina, mke na watoto na kumwacha mwenzake akiwa sehemu ya umati, na ndiyo sababu kuipinga ni kazi ngumu kuliko kusahihisha tarehe au jina lililokosewa.

Msomaji wa kawaida wa Marekani aliijua Kongo kwanza kupitia kalamu ya mwandishi wa habari, Henry Morton Stanley, ambaye gazeti la New York Herald lilimtuma kumtafuta mmisionari Livingstone na ambaye baadaye aliufuata mto Kongo hadi baharini na kumtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Picha iliyoanzia vitabuni ilifika siku ikavalishwa mtu aliye hai. Mwaka 1904 Ota Benga, kijana aliyechukuliwa Kongo na Mmarekani Samuel Phillips Verner, alipelekwa St. Louis kuonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa, na Septemba 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, huku maelfu ya watu wakimiminika kumtazama. Wachungaji weusi wa Kibaptisti wakiongozwa na James H. Gordon, aliyesimamia nyumba ya yatima weusi jijini humo, walilipinga jambo hilo hadharani, na gazeti la New York Times likaandika kwamba halielewi vizuri hasira hiyo yote inatoka wapi. Wachungaji hao walielewa. Waliona kwamba aliyefungiwa pale hakuwa Mkongo mmoja tu, kwa kuwa kila mtazamaji aliyetoka nje ya bustani alimtazama mpagazi wa stesheni au mfuaji nguo wa mtaani kwake kwa macho yaleyale. Walifanikiwa kumtoa, lakini maisha yake hayakupona: alihamia Lynchburg, Virginia, na mwaka 1916 akajiua kwa risasi. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020.

Miaka minane baada ya kisa cha Bronx, mshairi Vachel Lindsay alitoa shairi lenye jina la Kongo, na chini ya jina hilo akaandika kwamba ni uchunguzi wa rangi nzima ya watu weusi, ingawa sehemu kubwa ya anaowazungumzia ni Wamarekani. Lilisomwa na kusifiwa kwa miaka mingi. Linatosha kuonyesha jinsi jina la nchi moja lilivyogeuzwa kuwa jina la tabia.

Upo mkondo mwingine, wa kupinga, nao ni wa zamani kuliko unavyodhaniwa. George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyekuwa askari, mchungaji, mwanasheria na mwanahistoria, alisafiri Kongo mwaka 1890, na alipofika Stanley Falls, mahali ulipokua mji wa Stanleyville ambao leo ni Kisangani, akamwandikia Leopold wa Pili barua ya wazi akiorodhesha mauaji, utumwa na ulaghai uliokuwa ukifanywa kwa jina la mfalme huyo. Barua hiyo ilimpa Mkongo nafasi ambayo vitabu vya Stanley vilimnyima, nafasi ya shahidi, kwa kuwa Williams aliwasikiliza watu wa nchi hiyo na kuyachukua maneno yao kuwa ushahidi. Alifariki mwaka uliofuata nchini Uingereza, kabla hajaikamilisha kazi hiyo.

Uhuru wa mwaka 1960 uliifanya Kongo kuwa habari ya kila siku. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa, na serikali ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, ilitangaza kifo chake tarehe 13 Februari. Siku mbili baadaye, wakati mwakilishi wa Marekani Adlai Stevenson akilihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mjini New York, Wamarekani weusi wapatao sitini, miongoni mwao mwandishi Maya Angelou, mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga ngoma Max Roach, walisimama katika viti vya watazamaji wakipaza sauti kwa uchungu, na vurugu kati yao na walinzi ikafuata. Wengi walidai kwamba waandamanaji wametumwa na wakomunisti, dai ambalo lenyewe ni dhana mgando, kwa maana linachukulia kwamba mtu mweusi hawezi kukasirika kwa akili yake mwenyewe. Mwandishi James Baldwin alilijibu mwezi Machi mwaka huohuo, akieleza kwamba hasira ile ilizaliwa Marekani kwenyewe na kwamba mkomunisti hakuhitajika kuiwasha.

Mwaka 1964 ndipo Kamina yenyewe ilipoingia katika habari hizo. Kambi ya Baka, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na viwanja vya ndege vikubwa kuliko mahitaji ya mji, na serikali ya Moïse Tshombe, aliyekuwa waziri mkuu tangu Julai, iliifanya kituo cha kukusanyia jeshi lake na mamluki, yaani askari wa kigeni wanaopigana kwa malipo. Waasi walioitwa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, walikuwa wameutwaa mji wa Stanleyville mwanzoni mwa Agosti, na majeshi ya serikali yalipoanza kuwarudisha nyuma waliwashika wageni, Wabelgiji na Wamarekani miongoni mwao, kama mateka. Askari wa miavuli wa Ubelgiji waliletwa kwa ndege za Marekani za C-130 kupitia kisiwa cha Ascension hadi Kamina, na alfajiri ya tarehe 24 Novemba takriban 320 kati yao wakadondoshwa juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville. Operesheni hiyo iliitwa Dragon Rouge, maana yake joka jekundu. Zaidi ya wageni 1,500 waliokolewa na kusafirishwa; makumi ya mateka waliuawa, akiwemo Paul Carlson, daktari mmisionari wa Kimarekani.

Kuna ukweli hapa usiostahili kufunikwa. Simba waliwaua Wakongo kwa maelfu, makarani, walimu, wanasiasa na yeyote aliyeshukiwa kuwa upande wa serikali, na mauaji ya Carlson na wenzake yalikuwa ya kinyama. Lakini ni ukweli vilevile kwamba ndege za kivita zilizotolewa na Marekani, zikiendeshwa na Wakuba waliohama nchi yao baada ya mapinduzi ya Castro na kuajiriwa na shirika la kijasusi la CIA, zilipiga maeneo ya waasi kwa miezi kadhaa, na kwamba jeshi la serikali pamoja na mamluki walipoingia Stanleyville walilipiza kisasi kwa raia bila mtu wa kuwahesabu waliokufa. Gazeti lolote lililotaka kuieleza Kongo ya mwezi ule lilipaswa kuyaweka yote mawili katika ukurasa mmoja.

Yaliyochapishwa hayakuwa hivyo. Jarida la Time la tarehe 4 Desemba 1964 liliweka picha ya Carlson kwenye jalada, jambo ambalo mtu yeyote mwenye huruma angelielewa. Tatizo lilikuwa hitimisho, kwa sababu makala yake iliwataja waasi kuwa kundi la washenzi wajinga, kisha ikavuka mipaka ya Stanleyville na kuuliza kama Afrika nyeusi nzima inastahili kuchukuliwa kwa uzito. Hapa ndipo dhana mgando inapofanya kazi yake waziwazi. Uhalifu wa kundi moja la watu wenye silaha unahesabiwa kuwa hulka ya bara, ilhali uhalifu wa mamluki wa Kizungu waliopigana upande wa pili haukufanywa kuwa sababu ya kuuliza kama Ulaya inastahili heshima. Maelfu ya Wakongo waliouawa na pande zote mbili walibaki idadi iliyotajwa kwa pupa, bila hata jina moja la fundi, mama au mwanafunzi.

Hata lugha ya Kiswahili iliingizwa katika kazi hiyo. Waandishi wa Kimagharibi waliripoti sana kuhusu dawa, maji ambayo wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa wakiamini kwamba yanageuza risasi kuwa maji, nao walilichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo na kulipa maana moja tu, uchawi. Msomaji wa Chicago hakuambiwa kwamba neno hilohilo ndilo linalotumika kwa vidonge vya malaria katika zahanati ya Kamina, wala kwamba Carlson, daktari waliyemlilia, alikuwa mtoa dawa.

Malcolm X, mtetezi mashuhuri wa haki za Wamarekani weusi, alirudi New York kutoka katika safari ndefu ya Afrika siku ileile, tarehe 24 Novemba, na katika majuma yaliyofuata Kongo ikawa mada yake kuu. Hoja yake haikuwa kwamba mateka hawakuteseka. Alichoeleza, mkutano baada ya mkutano, ni ufundi wa vyombo vya habari: jinsi vinavyoweza kumgeuza mhalifu kuwa mhanga na mhanga kuwa mhalifu, jinsi rubani anayelipua kijiji anavyobadilishwa kuwa mtu wa huruma kwa neno moja lililochaguliwa vizuri, na jinsi jicho la msomaji linavyoelekezwa kwa mateka weupe ili lisiwaone wanawake na watoto weusi waliokuwa chini ya mabomu. Alisema pia kwamba asiyeelewa yanayotendeka Kongo hawezi kuelewa yanayotendeka Mississippi, jimbo ambako mwaka huohuo watetezi wa haki za kupiga kura walikuwa wakiuawa. Zaidi ya hayo, aliamini kwamba Mmarekani mweusi aliyefundishwa kuionea aibu Afrika alikuwa amefundishwa kujionea aibu mwenyewe, na kwamba kwa hiyo kuisafisha sura ya Kongo hakukuwa kuwafanyia Wakongo hisani. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi kuliko zote alizozitoa, maana inaeleza kwa nini watu wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, walishughulishwa na uwanja wa ndege wa Kamina.

Tarehe 13 Desemba 1964 alisimama katika ukumbi wa Audubon akiwa na mgeni aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni, Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar, waziri wa Tanzania, aliyefika New York wakati Umoja wa Mataifa ukiijadili operesheni hiyo. Mawaziri wa Afrika waliishutumu mbele ya Baraza la Usalama, wakisema kwamba maisha ya Mzungu yamepewa thamani ambayo ya Mwafrika hayakupewa, na Stevenson akajibu kwa kulalamikia ukali wa lugha yao. Malcolm X aliuawa katika ukumbi uleule wa Audubon tarehe 21 Februari 1965.

Katika mabishano yote hayo sauti ya Mkongo wa kawaida haikusikika. Aliandikwa, alipigwa picha, alitetewa, lakini hakuulizwa. Hilo limebadilika kwa njia ya huzuni, kwa sababu vita vya mashariki ya Kongo vimewapeleka Marekani maelfu ya wakimbizi wanaozungumza Kiswahili, na huko wamekuta kwamba mitaani hawatambuliwi kwanza kama Wakongo bali kama watu weusi, pamoja na yote yanayoambatana na rangi hiyo mbele ya polisi. Patrick Lyoya, kijana Mkongo wa miaka 26 ambaye familia yake ilihamia Marekani mwaka 2014, alisimamishwa na polisi akiendesha gari mjini Grand Rapids, Michigan, tarehe 4 Aprili 2022, na baada ya kukimbia na kukabana na polisi huyo alipigwa risasi ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Mwenzake aliyekuwa naye garini alirekodi tukio hilo kwa simu, na video zilipotolewa, Wakongo wa mji huo na Wamarekani weusi waliandamana pamoja. Baba yake, Peter Lyoya, alizungumza na waandishi wa habari kupitia mkalimani, akieleza kwamba aliikimbia vita ili watoto wake wawe salama. Polisi huyo alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana, na majuma mawili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza kwamba kesi haitasikilizwa tena.