Mafuta Huinua, Chuma Hushikilia

Jumamosi moja alasiri tulikwenda kumwamkia baba mmoja wa parokia, mtu wa bidii na mwenye kuipenda jamaa yake. Tulimkuta katika garaji ndogo aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe kando ya nyumba. Motokari yake ilikuwa imeinuliwa upande mmoja kwa kriki, gurudumu limeondolewa, na chini ya ule uzito wote tuliona miguu miwili tu: alikuwa baba mwenyewe, amelala chali. Mtoto wake wa miaka kumi alichuchumaa karibu naye, akimpa spana moja moja, na kila mara akiingiza kichwa ndani ili aone vizuri.

«Karibuni, jamaa! Nisubirini kidogo, nati moja tu imekataa kutoka.»

Tulimsihi atoke kwanza. Alicheka, akasema kwamba amefanya hivyo miaka mingi wala hajaona balaa. Lakini kwa kuwaheshimu wageni alitoka. Mmoja wetu akalilaza lile gurudumu chini ya ubavu wa motokari. Baba alipiga goti, akaingiza mkono tu, akaivuta nati kwa nguvu. Motokari ikatikisika, kriki ikalala upande, na motokari ikashuka kwa kishindo juu ya gurudumu. Mkono wa baba ulipona. Hakuna aliyesema neno. Baba alimtazama mtoto wake, kisha akatazama mahali pale ambapo kifua chake kilikuwa kimelala muda mfupi uliopita.

Wasomaji wapenzi, siku hizi akina baba na vijana wengi hutengeneza motokari zao nyumbani. Ni jambo la kusifiwa, kwani mtu ajuaye kubadili breki zake mwenyewe huokoa fedha za chakula na za shule. Lakini yafaa tujue vizuri chombo tunachokikabidhi maisha yetu.

Nguvu ya kriki yatoka wapi?

Kriki, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita jeki, ni ya namna mbili hasa. Moja huinuka kwa parafujo, nyingine kwa mafuta. Hii ya pili yategemea kanuni iliyoelezwa na mtaalamu Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufariki mwaka 1662, mtu wa elimu na wa imani pia. Aliona kwamba ukikisukuma kimiminiko kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyohiyo.

Tuchukue mfano. Ndani ya kriki mna pistoni mbili, ndogo na kubwa. Ikiwa uso wa ndogo ni sentimeta mraba 1, na wa kubwa ni 20, basi ukiikandamiza ile ndogo kwa uzito wa kilo 25, ile kubwa itaweza kuinua kilo 500. Lakini hakuna cha bure: ndogo yapaswa kwenda sentimeta 20 ili kubwa ipande sentimeta 1. Ndiyo maana twapiga mkono wa kriki mara nyingi, na motokari hupanda polepole.

Sasa tujiulize: ni kitu gani kinachouzuia uzito huo usirudi chini? Ni mafuta kidogo, mpira mwembamba wenye umbo la pete, na vali ndogo sana. Mpira ukichakaa, au chembe ya mchanga ikiingia katika vali, mafuta hurudi yalikotoka na motokari hushuka. Tena kriki husimama juu ya kitako kidogo. Ardhi ikiwa laini huzama. Motokari ikisogea kidogo tu, huinama. Na mtu aliye chini hapati nafasi ya kukimbia.

Hata mashine ya ghali haiyaamini mafuta

Siku hizi zapatikana mashine za kuinulia motokari ziwezazo kuhamishwa na kutumiwa katika garaji ya nyumbani. Kuna zenye fremu mbili za chuma, zilazwazo chini ya motokari, moja kila upande. Pampu huzisukumia mafuta, nazo huinuka pamoja na kuipandisha motokari yote karibu nusu meta. Lakini tazameni: waliozitengeneza wameziwekea kufuli za chuma. Motokari ikifika juu, fundi huishusha kidogo mpaka ikae juu ya kufuli hizo, ndipo aingie chini. Basi hata mwenye mashine ya thamani kubwa haachi maisha yake mikononi mwa mafuta. Mafuta huinua, chuma hushikilia.

Yule asiye na mashine hiyo aweza kuifuata hekima hiyohiyo kwa nguzo mbili fupi za chuma zenye miguu mipana, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Asitumie matofali wala mawe ya volkano yenye matundu, kama yale ya Goma, kwani hupasuka ghafula bila kutoa onyo.

Taratibu ya kufuata

Kwanza, motokari isimame mahali tambarare na pagumu, gia imeingizwa, breki ya mkono imevutwa. Pili, magurudumu yatakayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Katika motokari nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua hayo, breki haizuii kitu tena. Tatu, nati za gurudumu zilegezwe kidogo kabla ya kuinua, ili usije ukazivuta kwa nguvu motokari ikiwa juu. Nne, watu wote watoke ndani, na watoto wakae mbali. Tano, kriki iwekwe pale palipoonyeshwa na watengenezaji, nayo iwe na uwezo wa kutosha uzito huo. Sita, nguzo ziwekwe mahali pagumu pa motokari, kisha motokari ishushwe mpaka ikae juu yake. Isukume kidogo kwa mkono. Ikitikisika, anza upya. Mwisho, laza gurudumu ulilolitoa chini ya ubavu, liwe mlinzi wa pili. Na kabla ya kushusha motokari, hakikisha kwamba hakuna mtu wala chombo kilichobaki chini.

Roho ya mtu na haraka ya kazi

Twasema neno la pekee kwa wenye garaji na mafundi wakuu. Mara nyingi anayetumwa kuingia chini ni mwanafunzi wa kazi, kijana mwembamba asiyethubutu kumkatalia mkubwa wake. Akiambiwa «Ingia, maliza upesi», huingia. Je, fundi mkuu angemtuma mwanawe wa kumzaa?

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (22, 8) chamwagiza ajengaye nyumba auwekee ukingo ule paa ambao watu walikuwa wakipanda, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2269, yatufundisha kwamba ni kosa kumtia mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu kubwa. Basi amri ya tano haimhusu mwenye kisu peke yake. Yamhusu pia mwenye kriki asiyetaka kupoteza dakika tano kuweka nguzo.

Nanyi wanafunzi, msione haya kumwambia mkubwa wenu kwa adabu: «Baba, tuweke nguzo kwanza.» Huko si kukosa heshima. Ni kumtunza yeye pamoja nanyi.

Tulipopita tena kwa yule rafiki yetu, tulikuta nguzo mbili zimesimama katika pembe ya garaji yake. Mtoto alituonyesha kwa fahari mstari mweupe uliochorwa sakafuni kwa chokaa. «Baba akifanya kazi,» alisema, «mimi nakaa huku.»