Jahazi baina ya Unguja na Pemba: Upepo, Mzigo na Fungu

Msomaji wa Lubumbashi au Kisangani akifungua kamusi hukuta kwamba jahazi ni chombo cha baharini kiendacho kwa tanga. Maelezo hayo ni ya kweli, bali hayatoshi. Hayaonyeshi jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, wala ni nani anayelipa upepo unapokataa kuvuma. Makala haya yanachunguza jambo hilo kwa kuangalia njia moja tu, ile ya baina ya bandari ya Unguja mjini na bandari za Pemba, Mkoani na Wete.

Kwanza yafaa kukijua chombo chenyewe. Jahazi lina omo, ndiyo sehemu ya mbele, na tezi iliyo bapa, ndiyo sehemu ya nyuma anapokaa mshika usukani. Tanga lake hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa kamba. Katikati, chini kabisa, ipo ngama, mahali yanapokusanyika maji yapenyayo baina ya mbao. Hakuna jahazi lisilovuja hata kidogo, ijapokuwa limetiwa kalafati ya pamba na mafuta. Kwa hiyo mabaharia hupokezana kufua maji mchana na usiku. Hapo ndipo ilipozaliwa methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwalimu anayeifundisha bara huifasiri kuwa kila mtu hurudi kwao, na tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini kwa baharia ngama ni kazi kabla ya kuwa mfano. Akiisahau, karafuu zilizoanikwa juani kwa siku kadhaa zitalowa maji ya chumvi, na thamani yake itapotea.

Pemba iko kaskazini mwa Unguja, umbali wa kilomita 50 hivi. Kusi, uvumao takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, hukisukuma chombo kiendacho Pemba; lakini wakati wa kurudi nahodha hulazimika kubisha, yaani kukata upepo kwa kwenda upande huu na upande ule. Kaskazi ya Desemba hadi Machi hugeuza mambo. Kwa hiyo mwendo ulio mwepesi wakati wa kwenda huwa mgumu wakati wa kurudi, na baina ya misimu hiyo miwili upepo hutangatanga.

Bahari nayo ina saa zake. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mahali pasipo gati jahazi huachwa likae mchangani maji yanapokupwa, na wachukuzi hubeba magunia wakitembea majini. Maji hayohayo huwapa mabaharia nafasi ya kukwangua ubavu wa chombo na kuupaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaozuia wadudu watoboao mbao. Ni kazi chafu, yenye harufu kali, isiyoleta nauli yoyote.

Kwenda Pemba hupakiwa saruji, sukari, unga na mabati; kutoka Pemba huja karafuu, nazi, mbata na matunda. Mizigo hiyo hailingani. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na mavuno yakiwa haba jahazi hurudi nusu tupu.

Jambo lililo zito zaidi ni malipo. Kwa desturi ya pwani, baharia hapewi mshahara, hupewa fungu. Kwanza hutolewa gharama za safari: chakula, ushuru, kamba. Kinachobaki hugawanywa baina ya chombo, yaani mwenye mali, na watu. Na katika sehemu ya watu nahodha hupata zaidi ya mafungu ya wengine. Viwango hutofautiana baina ya bandari na bandari. Mfano wa kubuni utasaidia. Nauli iwe 100, chakula 5 kwa siku, na mgawanyo uwe nusu kwa nusu. Mafungu ya watu yawe 9, mawili ya nahodha na saba ya mabaharia. Safari ya siku 2 huacha 90, na kila fungu ni 5. Safari hiyohiyo ikichukua siku 10 kwa kungoja upepo, hubaki 50, na fungu huwa chini ya 3. Kwa hesabu ya siku moja, pato la baharia limepungua mara tisa. Mwenye chombo naye amepata hasara, lakini yeye hakukaa siku nane Mkoani akifua maji. (Ajabu ya lugha ni kwamba neno fungu humaanisha pia mchanga ulioinuka baharini, unaokwamisha vyombo.)

Mashine ya dizeli, ambayo majahazi mengi yamefungwa, hupunguza siku za kungoja. Mtu wa Kalemie au Uvira, aliyezoea kuona boti za mbao zenye mota katika ziwa Tanganyika, atadhani kwamba shida imekwisha. Lakini upepo ulikuwa wa bure, na dizeli hununuliwa kabla ya kung'oa nanga. Gharama hiyo nayo hutolewa kwanza katika nauli, pamoja na chakula na ushuru, kabla ya mafungu kuhesabiwa. Na jahazi likirudi nusu tupu, mashine imekunywa kiasi kilekile.